Kugeuza na Meli: Siku Moja Katikati ya Safari Mbili

Aliyekaa Dar es Salaam anajua maana ya kugeuza. Jioni, Kariakoo pamefurika, gari likitokea linagombewa hadi madirishani. Mwenye akili anatembea mpaka kituo cha nyuma, anapanda daladala linaloingia mjini, anakaa kwenye siti na kugeuza nalo. Wengine wanashuka, wengine wanapanda, yeye ametulia palepale dirishani. Konda anachodai ni nauli ya mara mbili tu.

Meli ya utalii nayo inageuza. Asubuhi inaingia bandari yake ya nyumbani na kushusha abiria wote, mchana inapakia wapya, saa kumi alasiri au baadaye kidogo inang'oa nanga. Na wapo abiria waliokata tiketi mbili mfululizo, ya wiki hii na ya wiki ijayo, katika meli ileile na, wakibahatika, chumba kilekile. Mama yangu alipotoka Tanga kuja kunitembelea Texas, nilimkatia hivyo: wiki ya kwanza na ya pili kwenye meli inayoanzia na kuishia Galveston. Tangu wakati huo ndugu na majirani wameniuliza mara nyingi ile siku ya katikati inakuwaje. Je, unashushwa? Mizigo inakwenda wapi? Viza inaguswa? Nimeona nieleze kwa kirefu, kwa sababu majibu ya mkato ndiyo yanayowaingiza watu hasarani.

Kinachotatanisha ni kwamba safari yako wewe unaihesabu moja, lakini wanaoihesabu ni wengi na kila mmoja ana hesabu yake. Kampuni ya meli inahesabu mbili. Uhamiaji wa Marekani unahesabu umeingia nchini mara mbili. Forodha inahesabu mbili, ila ya kwanza haiisahau. Halafu ipo sheria ya mwaka 1886 ambayo, pale unapotamani safari zako zihesabiwe mbili, yenyewe inahesabu moja. Ukishajua nani anahesabu nini, siku nzima inaeleweka.

Tuanze na asubuhi yenyewe. Galveston ni kisiwa chembamba kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Houston. Meli huingia kungali giza, rubani wa bandari akiwa kwenye daraja, yaani chumba cha kuongozea meli, pamoja na nahodha. Miezi ya baridi kuna la kuombea: hewa ya joto yenye unyevu kutoka baharini hupita juu ya maji baridi ya ufukweni, ukungu unatanda, marubani wanasimamisha kazi na meli zinasubiri nje kwa saa kadhaa, pengine siku nzima. Ikitokea hivyo, ratiba yote ya kugeuza inasogea, na hata safari ya pili inaweza kupunguziwa bandari moja.

Usiku wa kuamkia siku hiyo wanaoondoka huweka masanduku yao nje ya mlango yakiwa na lebo za rangi. Wewe usiweke. Sanduku likishashuka litaishia kwenye jengo la abiria kati ya maelfu mengine, na kulipata ni kazi. Wewe utakuta barua chumbani, au ujumbe kwenye programu ya meli, unaokuambia mkutane ukumbi gani na saa ngapi, kwa kawaida kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Pamoja na barua utapewa kadi mpya ya chumba, au kadi ya kuonyesha kuwa wewe ni msafiri anayeendelea. Itunze. Siku hiyo, kadi ndiyo inayokutofautisha na anayekwenda nyumbani.

Kwa nini basi usiachwe ulale? Kwa sababu ya sifuri. Meli iliyotoka bandari ya nje inapofunga gati Marekani, kila aliyemo lazima akaguliwe na maofisa wa mpakani, na abiria wapya hawaruhusiwi kupanda mpaka wa zamani wote wahesabiwe kuwa wametoka. Mlangoni pa meli kila kadi inagongwa kwenye mashine, mashine inalia, hesabu inapungua mmoja. Watu elfu tano, elfu mbili, mia tatu, ishirini. Hao wa mwisho ndio utakaosikia majina yao yakiitwa kwenye vipaza sauti, mara ya kwanza kwa upole, mara ya tatu bila upole. Mtu mmoja aliyepitiwa na usingizi anaweza kuwasimamisha maelfu waliokwisha panga foleni nje. Katika meli kubwa kama Icon of the Seas, inayoanzia Miami na kubeba abiria hadi 7,600, si vigumu kuelewa kwa nini hesabu hiyo inachukuliwa kwa uzito.

Wanaogeuza huachwa mpaka karibu na mwisho. Mnakusanyika ukumbini, mfanyakazi mmoja anawaongoza mkiwa kundi, mnashuka ngazi, mnapita uhamiaji na forodha, mnaketi kwenye viti vya jengo la abiria mpaka sifuri itimie, kisha mnarudishwa melini kabla ya umati mpya. Siku hizi bandari nyingi za Marekani zina kamera inayolinganisha uso wako na picha zilizokwisha hifadhiwa, na wengi hupita kwa sekunde chache. Sisi wenye pasipoti za nje mara nyingi tunapelekwa kwa ofisa, hivyo pasipoti iwe mkononi. Nasisitiza hili kwa sababu wiki nzima pasipoti imelala kwenye sefu ya chumbani, na asubuhi ile ni rahisi kushuka na kadi ya meli peke yake.

Jambo lililotukuta sisi lilikuwa dogo, nalo lilikuwa kwenye mkoba. Mama alikuwa amechukua chungwa mezani wakati wa kifungua kinywa, kama afanyavyo siku zote. Mtu aliyekulia karibu na Muheza haachi chungwa likipotea. Tulipofika chini, mbwa mdogo wa ukaguzi akaja moja kwa moja, akaketi mbele ya mkoba wake. Mama akaniuliza, "Mwanangu, huyu anataka nini?" Ofisa akaomba mkoba ufunguliwe, akalitoa chungwa, akalitia kwenye pipa, akaeleza kwamba matunda, nyama na mimea kutoka melini haviruhusiwi kuvuka mlango ule hata kama dakika arobaini baadaye unarudi kulekule vilikotoka. Hakutoza faini, ingawa sheria inamruhusu kumtoza asiyetaja alichobeba. Nilisikitika kwa sababu ni mimi niliyepaswa kumwambia mama. Kwa mujibu wa mlango ule, sisi hatukuwa watu wanaosubiri kurudi chumbani. Tulikuwa wasafiri wanaoingia Marekani kutoka Meksiko na Honduras.

Hapo ndipo suala la viza linapoingia, na ndugu zangu mnaowaalika wazazi, hapa msome polepole. Mgeni wa viza akipanda meli inayokwenda Meksiko au Karibiani, amekwisha toka Marekani. Siku ya kugeuza anaingia upya. Mwisho wa wiki ya pili anaingia tena. Kwa hiyo viza yake lazima iwe ya kuingia mara nyingi na iwe hai mpaka siku ya mwisho kabisa, si siku ya kupanda tu. Kwenye viza ya Marekani angalia palipoandikwa idadi ya kuingia: herufi M ndiyo inayotakiwa. Ukikuta tarakimu 1, usikate tiketi, kwa maana kaunta ya meli yenyewe inaweza kumkatalia kupanda siku ya kwanza, na fedha kurudi ni bahati. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu abebe kadi halisi pamoja na pasipoti. Raia wa Marekani kwenye safari inayoanza na kuishia bandari moja huruhusiwa hata kutumia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, lakini ushauri huo usimpe mama yako.

Vilevile tazama bandari za kila wiki peke yake. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya na viza hai ya Marekani huingia Meksiko bila viza ya Meksiko. Hiyo haina maana kwamba kila kisiwa cha wiki ya pili kina utaratibu huohuo.

Forodha nayo ina mtego wake. Mkaazi wa Marekani anayerudi kutoka nje anaruhusiwa kuingiza bidhaa za thamani ya dola 800 bila ushuru, lakini msamaha huo hutolewa mara moja ndani ya siku 30. Ukiutumia siku ya kugeuza, wiki inayofuata unabakiwa na dola 200. Wanawake wenzangu wanaonunua vidani vya fedha kisiwani Cozumel, Meksiko, wiki ya kwanza na saa wiki ya pili, pangeni manunuzi makubwa yawe upande mmoja.

Sasa hiyo sheria ya 1886. Inahusu usafirishaji wa abiria kati ya bandari za Marekani, na ilitungwa kulinda wenye meli wa nchini: meli yenye bendera ya nje isimpakie mtu bandari moja ya Marekani na kumshusha nyingine, isipokuwa njiani iguse bandari ya nje iliyo mbali. Karibu meli zote kubwa za utalii zina bendera za nje, Bahamas na Panama zikiwa miongoni mwa zinazotumika sana, kwa hiyo zinabanwa. Na neno "mbali" lina maana yake ya kisheria. Kanada, Meksiko, Bahamas na sehemu kubwa ya Karibiani zinahesabiwa kuwa karibu. Amerika Kusini ni mbali, na Aruba, Bonaire na Curaçao zinawekwa kundi hilo.

Chukua mfano. Meli inatoka Los Angeles kwenda Vancouver, Kanada. Hiyo ni halali, maana mwisho wake uko nje ya nchi. Wiki inayofuata meli ileile inatoka Vancouver kwenda Alaska, jimbo la Marekani, na kuishia bandari ya Whittier hukohuko. Hiyo pia halali, maana mwanzo wake uko nje. Abiria mmoja akikata zote mbili mfululizo katika meli hiyo, sheria haioni safari mbili. Inaona mtu aliyepandia Los Angeles akashukia Whittier, na kati yake hakuna bandari ya mbali. Kosa ni la meli, lakini mikataba ya tiketi huwa inaruhusu faini hiyo ipelekwe kwa abiria. Mara nyingi mfumo wa kampuni hukataa mapema, ila imetokea watu wakauziwa na kupigiwa simu miezi baadaye kwamba safari moja imefutwa. Akibadili meli pale Vancouver, sheria haimgusi. Anayezunguka Galveston hadi Galveston, halafu Galveston hadi Galveston tena, naye hana wasiwasi, mradi kila mzunguko umegusa bandari ya nje yoyote. Ndiyo sababu kwa mara ya kwanza nashauri mzunguko wa bandari moja.

Ulaya mambo ni mepesi zaidi. Katika Mediterania, baadhi ya kampuni hupakia na kushusha watu karibu kila bandari, Barcelona leo, Marseille kesho, hivyo hakuna siku moja ambayo meli inatakiwa iwe tupu. Anayeendelea anaonyesha kadi yake na kuingia na kutoka apendavyo. Cha kuangalia ni viza ya Schengen tu, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: meli ikigusa Uturuki au Uingereza kisha kurudi, umetoka na kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja haitoshi.

Tukirudi melini, hesabu ya kampuni ni rahisi: kila kitu kinafungwa na kufunguliwa upya. Akaunti ya matumizi ya wiki ya kwanza inafungwa alfajiri na kadi yako ya benki inakatwa, bahashishi za wiki ya pili zinaanza kuhesabiwa upya, na vifurushi vya intaneti na vinywaji vinakufa usiku wa mwisho. Kama ulinunua kifurushi cha safari ya kwanza tu, soda unayoagiza mchana baada ya kurudi itakwenda kwenye bili. Bei ya kifurushi cha pili pia huenda si ile ya kwanza. Iangalie mapema kwenye programu. Maduka yasiyo na ushuru hufungwa muda wote meli iko bandarini, kwa hiyo dawa ya meno isiishe siku hiyo.

Anayehama chumba ana kazi kidogo zaidi. Nguo zilizotundikwa huachwa kwenye hanga zake na wahudumu huzihamisha. Vingine vyote vinafungwa kwenye masanduku yenye namba ya chumba kipya. Chumba cha zamani unakiacha asubuhi, kipya hakitakuwa tayari mpaka saa saba au saa nane mchana. Dawa za presha na sukari, pasipoti, chaja, fedha na sweta vikae kwenye mkoba wa mkononi. Kwa mzazi wa miaka sabini, saa tano bila chumba ni nyingi, na ndiyo sababu nililipa zaidi ili tusihame.

Mhudumu wa chumba chetu alikuwa kijana wa Mombasa. Siku ya kwanza alipomsikia mama akiniita, alisimama mlangoni na taulo zake mkononi akasema, "Shikamoo mama." Mama aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuta nyumba baharini. Usiku wa kuamkia kugeuza ndiye aliyetueleza siku inavyokuwa upande wao. "Mama, kesho sisi hatukai," alisema. Alikuwa na vyumba 19. Anaanza alfajiri, anavua mashuka yote, anaosha mabafu, anatandika upya, na mchana mapema milango ile inafunguliwa kwa wageni ambao kwao hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote, wanaotegemea kukuta kila kitu kinanukia. Alikuwa akimwombea heri mwenzake ambaye angemaliza mkataba asubuhi hiyo na kushuka na masanduku. Ambaye angekuja badala yake angefanya kazi siku hiyohiyo ya kupanda.

Akatuomba kitu kimoja tu, kwa adabu: tutoke chumbani kufikia saa mbili, hata kama sisi tunabaki, ili aanze na chetu. Tulitoka saa moja na nusu. Nawaomba nanyi mfanye hivyo. Na kama unataka kumpa chochote cha asante, mpe kabla ya asubuhi hiyo, maana siku yenyewe hutamkuta amesimama.

Ukisimama upande wa gati utaona na mengine. Foleni za mashine za kunyanyulia zinaingiza mafurushi ya mbogamboga, unga, maji ya chupa na viazi kupitia mlango wa ubavuni, wakati mlango mwingine unatoa takataka zilizopangwa kwa aina. Boti ya mafuta imejibana upande wa bahari. Na kama wiki iliyopita kulikuwa na ugonjwa wa kuharisha melini, usafi wa dawa unaongezwa na saa ya kupanda inasogezwa; Marekani ina mpango wa ukaguzi wa usafi wa meli ulioanza miaka ya 1970, unaotoa alama kati ya 100, na chini ya 86 meli imeshindwa.

Si lazima ukae kwenye viti vya bandari kusubiri sifuri. Unaweza kushuka mjini na kurudi mchana kwa mlango wa wageni wapya. Galveston inafaa, kwa sababu mtaa wa kale wa Strand uko hatua chache kutoka magati ya katikati ya mji. Nilimpeleka mama kwenye kona ya mtaa wa 22, palipochorwa ukuta mkubwa wa kukumbuka tarehe 19 Juni 1865, siku Jenerali Gordon Granger alipotoa amri mjini hapo kwamba watumwa wote wa Texas wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa. Ndiyo asili ya sikukuu ya Juneteenth. Mama alisimama pale muda mrefu, akaniuliza waliokuwa mashambani mbali habari iliwafikia lini. Tulichelewa kurudi kuliko tulivyopanga, na sijuti. Ila ukishuka mjini unapoteza nafasi ya kupanda mbele ya wengine, na lazima uangalie saa ya mwisho ya kupanda kama mgeni yeyote.

Wale wanaorudi na kundi hupata kitu ambacho wengine hawakipati: meli tupu. Kwa nusu saa hivi ngazi hazina watu, bwawa limetulia, na unasikia mashine za kufagia kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine.

Kisha linakuja zoezi la dharura, na hapa watu wengi hulalamika. "Tulilifanya wiki iliyopita!" Kampuni chache husamehe wanaoendelea, nyingi hazisamehi, nami niko upande wa zisizosamehe. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyohiyo kwenye bandari ya Civitavecchia, Italia, na zoezi walikuwa hawajafanyiwa, kwa sababu kanuni ya wakati huo iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Siku hizi mara nyingi ni kutazama video kwenye simu, kisha kwenda kituo chako cha kukusanyika kadi igongwe. Dakika kumi. Kumbuka pia kwamba ukihama chumba, kituo chako kinaweza kubadilika, na kile cha wiki iliyopita kichwani mwako kikawa kimekuwa cha watu wengine.

Sisi kituo hakikubadilika. Kwenye korido tulimkuta bibi mmoja mgeni, kadi mkononi, anageuka huku na huku akitafuta ngazi. Mama hana Kiingereza kingi. Alimshika mkono, akamwonyesha herufi kwenye kadi yake na herufi ileile ukutani, wakashuka pamoja taratibu hadi mlangoni pa kituo, kadi zao zikagongwa moja baada ya nyingine.